Koki na Bwawa Lenye Hewa Nzuri Sana

Mdogo wangu tulimwita Koki tangu ana miaka tisa, alipofungua bomba la shule akashindwa kulifunga, tukakosa masomo siku nzima. Nilikuwa darasa la saba, na ndilo nililoishia, kwa hiyo siku ile bado namdai. Baadaye akawa fundi bomba, miaka thelathini na mmoja, na sikuwahi kumwona na mikono mikavu.

Alipostaafu alichimba bwawa nyuma ya nyumba, akatia samaki mia nne. Pampu ndogo ilipandisha maji hadi kwenye pipa la kokoto, yakachujwa, yakapita kwenye matuta ya mboga, yakarudi bwawani kwa bomba lenye matundu aliyoyatoboa kwa msumari wa moto. Yalianguka kama manyunyu, yakaingia na hewa. Wifi yangu alilalamika kuwa mumewe anawapenda samaki kuliko yeye. Koki hakukanusha.

Mwaka jana akaja mhandisi wa mradi wa ufugaji samaki, na buti ambazo hazijawahi kukutana na tope. Akalitazama lile bomba, akatabasamu.

"Mzee, hii ni ya kienyeji. Tutakuwekea mtambo."

Bomba likang'olewa. Mtambo ukafungwa pembe moja ya bwawa, ukawa unatoa mapovu, na kipimo cha hewa kikawekwa hapohapo kwenye mapovu, ili waya usiwe mrefu. Simu ya mhandisi ikaandika: HEWA NZURI SANA.

Siku ya nne asubuhi, mawingu yametanda, wifi akaniita. Samaki waliowahi walikuwa wamejibana kwenye mapovu. Waliobaki, bwawa zima, walikuwa juu, midomo wazi, wakihema. Kumi na mmoja walishakufa.

Mhandisi alikuja upesi, kwa hilo namsifu. Akatoa simu.

"Mzee, hewa ni nzuri sana."

"Samaki wanahema."

"Namba hazidanganyi."

"Basi wasomee, mwanangu," Koki akasema. "Labda hawajapata taarifa."

Nikaingilia. "Mwanangu, ukipima joto la nyumba ukiwa umetia kipimo jikoni kwenye moto, utasema wote tumeshaungua."

"Bibi, haya mambo ni ya kitaalamu."

"Ndiyo maana nimeyasema polepole."

Koki alikwenda stoo, akarudi na bomba lake la matundu, akaliunga upande wa pili wa bwawa, akawasha pampu. Manyunyu yakaanza. Tulisimama pale mpaka chai ya wifi ikapoa. Mmoja mmoja, samaki wakafunga midomo, wakazama kwenda kwenye shughuli zao.

Mhandisi akatazama simu. HEWA NZURI SANA, vilevile.

"Mnaona?" akasema. "Niliwaambia."

Kisha akaomba bomba liondolewe kidogo tu, apige picha ya ripoti.

"Waulize samaki," Koki akamjibu. "Wakikubali kubana pumzi, mimi sina neno."

Picha ya mtambo ikapigwa kwa kuelekea ukutani, bomba lisionekane.