Ng'ombe Sita Zizini kwa Mjane

Nina mdomo, najijua. Miaka ile niliyofanya kazi kwenye mfuko mmoja mdogo uliofadhili vijiji vinavyoumizwa na ukame, mdomo huo ulinifaa kuliko cheti changu. Ofisi ilikuwa Dodoma mjini, nami nilipanga chumba Nkuhungu. Kazi yangu ilikuwa kwenda kijijini na fomu, kukaa na watu na kurudi na orodha ya kaya zilizo hatarini zaidi. Kila kaya ya kwenye orodha ingepata tenki la maji ya mvua na kibanda kidogo cha bati cha kuyakinga, kwa sababu nyumba nyingi za huko ni tembe, na paa la udongo halikingi maji, linayanywa.

Kijiji chenyewe kiko ng'ambo ya Gulwe, unashuka stesheni na kuchukua pikipiki. Mimi ni wa Kondoa, nimekulia nyuma ya duka la baba, na ng'ombe nilimjua zaidi kwenye sahani. Ofisini walisema mwenye ng'ombe hahesabiwi kuwa hatarini, wakanionya kwamba watu hudanganya wakiulizwa mifugo, basi nihesabu kwa macho yangu. Nikapita zizi kwa zizi na kalamu yangu, nikijiona mjanja kweli kweli.

Alikuwepo mama mmoja mjane, analea wajukuu watatu, goti moja limevimba. Maji aliyatoa korongoni: unafukua mchanga, unasubiri yatokeze, unachota kwa kata taratibu. Siku moja nilimsindikiza. Nilibeba ndoo moja nikapumzika mara nne, yeye na goti lake alipumzika mara mbili. Nikajiapiza kwamba huyu tenki lazima apate.

Tulipofika kwake nikaona zizini ng'ombe sita.

"Mama, ndio hawa tu?"

"Ndio hao."

Nikaandika sita. Kwenye mkutano wa kijiji nikazisoma hesabu kwa sauti, kama utaratibu ulivyotaka. Mzee mmoja akatania kwamba ng'ombe wa maskini hazai, mbona wa huyu mama wanazaa. Watu wakacheka, na mama naye akacheka kidogo huku akitazama chini. Akaondolewa kwenye orodha. Nafasi ya mwisho ikamwendea babu mmoja, mjumbe wa kamati, ambaye zizi lake lilikuwa na mavi makavu na uzio wa miiba tu. Nilimwonea huruma, nikamwandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Wiki mbili baadaye nilirudi na orodha ile ili isainiwe, kisha mafundi waanze. Nikapita kwanza kwa mama. Nikamkuta yule babu yumo zizini, anampapasa ng'ombe mmoja mgongoni, na mama ameshika kamba.

"Shikamoo babu. Unanunua?"

"Marahaba. Nauza. Mjukuu wangu anaanza sekondari."

"Unauza ng'ombe wa mama?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mwanangu, hawa ni wangu. Mama ananitunzia."

Alinieleza bila kuficha kitu. Wengine wako kwa shemeji yake, wengine kwa rafiki yake bonde la pili. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mengine yanapona. Mvua ikikosa huku, kule majani yapo. Ndivyo alivyofanya baba yake na ndivyo wanavyofanya wengi. Anayetunza hunywa maziwa, na akitunza vizuri, siku moja hupewa ndama. Kijiji kizima kilijua wale ni wa nani, ila kutaja ng'ombe wa mtu mbele za watu ni utovu wa adabu, kwa hiyo mkutanoni hakuna aliyenisahihisha.

"Wewe uliuliza waliomo zizini," akasema. "Kwangu hawamo."

Hakuwa amesema uongo hata neno moja. Mori ulinipanda, na nikiwa mkweli, nilijikasirikia mwenyewe kuliko nilivyomkasirikia yeye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kile nilikuwa nimekipima kwa futi kamba kabisa.

Babu alipoondoka na ng'ombe wake, nikamgeukia mama. "Orodha hii naibadilisha leo. Mbona hukuniambia?"

"Utaandika nini?"

"Kwamba ng'ombe si wako."

"Watakuuliza ni wa nani."

Ni kweli wangeuliza. Hata kama ningemwombea tenki la ziada na kumwacha babu na lake, sababu ingebidi iandikwe, na orodha mpya ingebidi isomwe tena mkutanoni.

"Akiaibishwa kwa ajili yangu, hawa waliobaki anawahamisha," mama akasema. "Watoto hawa watakunywa nini?"

"Si utakuwa na maji mlangoni, mama."

"Maji nayapata, naumia lakini nayapata. Maziwa nitayafukua korongo gani?"

Nikaikunja ile orodha bila kuibadilisha. Mimi, na mdomo wangu wote. Jioni ile orodha ikasainiwa kama ilivyokuwa.

Nilirudi kukagua mvua zilipokatika. Tenki la babu lilikuwa limejaa mpaka juu. Alikuwa amemwambia mama achote akitaka, lakini mama aliona haya kwenda kila siku kwa mtu ambaye maziwa ya ng'ombe wake tayari anayanywa yeye na wajukuu. Nilimkuta njiani anatoka korongoni, ndoo kichwani, anachechemea. Nikaipokea ile ndoo, tukaenda kwake, akanimiminia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu. Nilikunywa yote, maana kuyakataa ni kumtukana.

Kisha nikatoa fomu ya mwisho nikaijaza palepale, kwenye kigoda chake. Ilikuwa na swali moja tu la maana: je, walio hatarini zaidi katika kijiji hiki wamefikiwa? Mama akawasogeza wajukuu wasinisumbue, nikaandika ndiyo.