Dubwi la Faustina

Verediana anauza ulanzi, pombe ya mianzi, huko Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa, pale madereva wa malori ya Mbeya wanaposimama kupoza injini. Kwake mteja hapewi kinywaji kisichoonjwa. Humimina kidogo kwenye kikombe chake mwenyewe, akanywa mteja akiona, ndipo akampa kopo lake. Mama yake alimfundisha hivyo, ili mtu asiwe na shaka na anachokunywa.

Kopo moja tu ndilo analoligusa kwa midomo, nalo ni la mumewe, Kalinga. Hupiga funda la kwanza, kisha humkabidhi kwa mikono miwili. Mke humwonjea mumewe ndani ya kopo lake. Mwanamke mwingine hafanyi hivyo, na kwa watu wa kwao hilo halihitaji maelezo.

Mwaka jana Faustina alikuja kutoka Soweto ya Mbeya, akapanga fremu ng'ambo ya barabara. Aliuza bia na soda. Kwenye kona aliweka dubwi, ile mashine ya taa nyekundu na kijani inayomeza sarafu huku ikiimba. Alisema aliipata kwa mfanyabiashara wa Chunya aliyechoshwa na vumbi la kule.

Kalinga ni fundi wa matairi. Zamani akinawa grisi alivuka moja kwa moja kwenda kwenye benchi la mkewe. Sasa alibaki ng'ambo. Kutoka kwenye madumu yake Verediana aliuona mgongo wa mumewe ukiwa umeinamia taa zile, na pembeni ya mgongo kilemba cha Faustina, cha njano, hakikosekani. Kilemba kikicheka, na mgongo unacheka.

"Mama Mika," wateja walimtania, "mzee kaoa chuma. Mahari kalipa kwa sarafu."

Alicheka nao. Usiku hakulala vizuri. Hata hivyo utani ule ulimpa pa kushika: kumbe ni chuma. Dubwi unaweza kulichukia hadharani, ukalilaani mbele ya majirani, na hakuna atakayekuita mwenye wivu. Akaanza kulisema kila mahali, kwamba linaharibu vijana na linakausha nyumba za watu. Faustina hakumtaja hata mara moja.

Parokia yao ilikuwa ikiandaa bahati nasibu ya kuezeka zahanati. Zawadi ilikuwa mtamba wa maziwa, na Verediana alikuwa miongoni mwa wauza tiketi. Jumapili moja baada ya misa akaja afisa wa michezo ya kubahatisha, kijana aitwaye Nasri, kuwaeleza masharti. Tiketi ziwe na namba, droo ifanyike mbele za watu, na fedha ziende kwenye bati kama ilivyotangazwa.

Mzee mmoja akainua fimbo. "Afisa, sisi tunachezesha kwa ajili ya Mungu. Na yeye anahitaji kibali?"

"Mungu hahitaji, mzee wangu," Nasri alijibu. "Anayeuza tiketi ndiye anayehitaji."

Watu wakaangua kicheko. Nasri akaendelea kwamba hata mashine za mitaani lazima ziwe na leseni, na stika yake ibandikwe mahali panapoonekana. Isiyo nayo inachukuliwa.

Verediana alimsubiri kwenye gari lake. "Mwanangu, ng'ambo ya kilabu changu kuna moja. Stika sijaiona. Nasema kwa ajili ya vijana."

"Umefanya vizuri, mama," Nasri alisema. Verediana aliona haya kidogo kwa sifa ile, lakini aliipokea.

Walikuja Alhamisi mchana, Nasri na askari wawili, na pikapu. Stika haikuwepo. Mashine ilikuwa nzito, wale watatu wakashindwa kuipandisha. Kalinga akatoka kwenye matairi yake, akafuta mikono, akaweka bega. Aliisukuma kama anayehamisha kabati la jirani, akaichapa kofi ubavuni, akarudi kazini akipiga mluzi.

Verediana alisikia mluzi ule ukivuka barabara. Mtu aliyeondolewa ulevi wake hapigi mluzi.

Faustina alisimama mlangoni, amefunga mikono kifuani. Akapaza sauti kutoka ng'ambo: "Asante, mama Mika! Lilikuwa linanipigia kelele."

Jioni ile Kalinga alinawa grisi, akaenda kulekule kwa Faustina.

Verediana alimwachia mteja mmoja madumu, akavuka barabara. Kisingizio alikuwa nacho, tiketi za mtamba mkononi. Hakufika mlangoni. Dirishani aliiona kona iliyokuwa na dubwi. Sakafu yake ilikuwa bado na alama ya mraba, safi kuliko kwingine, na juu ya mraba ule kulikuwa na kiti, na juu ya kiti Kalinga. Faustina, muuza bia, akainama chini ya kaunta akatoa kidumu kidogo. Akamimina ulanzi kwenye kopo. Akapiga funda la kwanza. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

Faustina ni wa Mbeya. Hilo hakukua nalo. Kuna mtu aliyekaa naye akamfundisha, taratibu, mpaka akaweza.

Verediana alirudi kwenye benchi lake, akauza mpaka madumu yakaisha isipokuwa moja. Nyumbani Kalinga alimkuta amekaa mkekani. Kopo lake lilikuwa limejazwa. Mkewe alilisukuma mbele yake kwa mkono mmoja.

Kalinga alingoja. Kisha akacheka kidogo. "Mama Mika, mbona hujaonja?"

"Kunywa tu, baba Mika," Verediana alisema. "Umeshaonjewa."

Kalinga aliliangalia kopo, akamwangalia mkewe. Hakulishika.