Mfuko Mrefu wa Kombo Nyuma ya Mlango wa Stoo

Jamani, nawaomba kabla hamjasoma. Hii nimeiweka kwa marafiki tu. Usipige skrinishoti, usimtumie mtu, usimsimulie hata unayekaa naye meza moja, mpaka kesho saa mbili na nusu asubuhi. Baada ya hapo semeni mtakavyo. Sababu mtaiona.

Akili yangu mpaka sasa inakataa. Alhamisi Kombo alipita dirishani kwangu akitazama bendera. Jana Jumamosi tumemzika kijijini Ole. Homa ya siku moja na nusu, basi.

Kwa wasiomjua: Kombo alikuwa dereva wa ofisi yetu hapa mjini Chake. Mimi ni karani, bado niko kwenye muda wa majaribio. Alinizidi miaka ishirini, lakini yeye ndiye aliyeniita "bosi". Nilipomwita Mzee Kombo aligoma kuitika.

Na alikuwa bingwa wa tiara. Si hizi za watoto za uzi mmoja. Zake zilikuwa na kamba mbili, moja kila mkono, na angani zinakwenda unakotaka wewe. Zinazunguka, zinashuka kama mwewe, zinasimama shibri moja juu ya mchanga. Yaani mtu unaacha kupumua!

Ya kwanza aliachiwa na mgeni aliyewahi kumwendesha. Ya pili aliishona mwenyewe kwa kitambaa cha mwavuli na vijiti vya hema bovu. Ya mgeni ilikuwa nzito, ya mwavuli nyepesi.

Ipi ya kwenda nayo, aliuliza bendera ya ofisi. "Bosi, leo inalamba tu. Twende na mwavuli." Ikipiga makofi, tunachukua ile nzito.

Kifuani mwa tiara kuna nyuzi zinazokutana kwenye fundo. Ukilipandisha kwa upana wa ukucha, tiara inapaa upesi. Ukilishusha, inageuka kwa hasira lakini inaona uvivu kupanda. Kombo alilisogeza, akarusha, akashusha, akalisogeza tena. Mtu ambaye gari ikichelewa kuwaka dakika moja alikuwa analaani!

Siku aliyoniachia nitayarishe kamba, nilizipima kwa rula ya ofisi. Sawasawa mpaka milimita. Tiara ikapaa, ikaenda kushoto, kushoto, kushoto, ikaangukia jamvi la karafuu alizoanika Bi Mize pale kijijini Wawi.

Bi Mize akatoka na ufagio. "Wazima nyie? Mna ndevu na mwacheza tiara?"

"Bi Mize, huyu karani," Kombo akasema. "Nimekuletea akuhesabie karafuu, isipotee hata moja."

Nilizikusanya kweli, mpaka adhana ya magharibi. Bi Mize alituletea chai huku bado anatukana.

Kosa langu Kombo alilionesha palepale. Kamba moja ilikuwa kuukuu, nyengine mpya. "Bosi, kamba haipimwi imelala. Yapimwa ikivutwa. Weye shika ncha za huko, na miye za huku, tuegemee." Tukaegemea nyuma, kila mtu na upande wake, uzito wote. Ile mpya ikavutika, ikamzidi mwenzake shibri nzima.

Tangu hapo kila Jumamosi, kabla ya kurusha, tulivutana kwanza. Yeye kule, mimi huku.

Sasa naja kwenye lenyewe. Nyumbani kwake mbuzi walishatafuna bawa moja. Ni mimi niliyemwambia tufiche mfuko wa tiara nyuma ya mlango wa stoo ya ofisi. Ufunguo ninao mimi, na ruhusa sikuiomba.

Wiki iliyopita mkuu wetu akauona. Akauweka mezani kikaoni. "Huu wa nani? Stoo si kabati la mtu. Asipojitokeza mwenyewe, utabaki stoo mpaka Jumatatu, kisha unachomwa pamoja na takataka nyengine."

Kombo alikuwa ameshafungua mdomo. Nikamkanyaga chini ya meza. Akafunga. Kisha nikaandika kwenye muhtasari wa kikao, kwa mkono wangu: Mwenye mfuko hakujulikana.

Nje akanambia, "Weye bosi weye! Ungekanyaga mguu mwengine, huu una kidole kibovu." Akacheka. "Haya, Ijumaa nautoa kimyakimya. Lakini ungeniacha niseme."

Ijumaa hakuja kazini.

Kesho ndiyo Jumatatu. Nimeandika barua, nimefuta, nimeandika tena. Zimebaki sentensi mbili. Mfuko ni wa marehemu Kombo, na niliuweka stoo mimi. Muhtasari wa kikao una kosa, na kosa hilo ni langu.

Saa mbili kamili nitaiweka mezani kwa mkuu. Nataka aisikie kwangu kwanza, ndiyo maana nawaomba mnyamaze. Naogopa, sifichi. Lakini leo nimekula, nimelala mchana, na nimejikuta nacheka peke yangu nikimkumbuka Bi Mize na ufagio.

Nakumbuka pia siku kamba ziliposokotana nikapiga kelele. Alisimama nyuma yangu, wala hakunipokonya. "Usiogope. Hata zikisokotana zasikia. Vuta kulia, uone." Nikavuta kulia. Ikaenda kulia.

Basi lala, Kombo. Lala salama wala usiwe na wasiwasi. Mfuko wako mbuzi hawaufikii, na moto hautaufikia.

Anayenitaka baada ya kesho asipige simu ofisini, sijui kama nitakuwepo. Nikiwa na kazi au sina, Jumamosi baada ya alasiri nipo ufukweni Vitongoji, maji yakishatoka. Ukichelewa, tazama juu utaniona. Usipite mbele yangu, kamba zinakata. Njoo kwa nyuma, vua viatu, uje mapema kabla sijarusha. Nahitaji mtu wa kuvuta upande wa pili.