Sista wa Mlangoni Aliyeingia Ndani

Alizaliwa katika mwezi wa mvua ndogo, kwenye nyumba iliyokuwa ubavuni mwa karakana ya mbao, mtoto wa pekee wa fundi seremala na mwimbaji wa kwaya. Waliomfahamu utotoni husimulia kwamba alilala fofofo popote alipowekwa, hata juu ya maranda, msumeno ukilia kando yake. Mama yake akipita alimpangusa vumbi nywelani na kumwimbia sauti ya pili ya wimbo, maana ile ya kwanza aliisikia mwenyewe kichwani.

Alipokuwa na miaka minane, baba yake alipewa kazi ya kuezeka ukumbi mpya wa parokia. Haukupita mwaka, alasiri moja ya mazoezi ya kwaya, upepo ulivuma na paa lote likaanguka. Mama alifia chini yake. Mtoto alitolewa chini ya benchi kabla jua halijazama, mweupe kwa vumbi, bila jeraha la kuonekana kwa macho. Hakumwambia mtu kwamba mama alimwita kule gizani, kwa upole, kama anayemwamsha aende shule, naye hakuitika. Padri aliwaambia wafiwa kwamba yale yalikuwa mapenzi ya Mungu. Wote waliitikia amina, na sauti ya baba yake ilizidi za wengine.

Alipotimiza miaka ishirini alijiunga na watawa. Huko ndiko sifa zake zilikoanzia, kwa kosa ambalo watu wa kanisa tu ndio wangeweza kulifanya. Hakuweza kukaa chini ya paa. Kitanda chake kilikuwa mkeka uani, na Misa aliifuata akiwa kizingitini, mkono kwenye mwimo wa mlango. Mvua ikinyesha alifungua mwavuli na kubaki pale pale hadi baraka ya mwisho. Waamini waliona unyenyekevu mkubwa. Wakamwita Sista wa Mlangoni, wakaleta wagonjwa waguse blanketi lake, na mafua ya watu kadhaa yakapona, kama mafua yanavyopona. Yeye mwenyewe akaanza kusadiki. Aliota nyumba zisizo na paa, watu wakipita ndani yake polepole na mawingu mabegani, akaamka akidhani ameonyeshwa mbingu.

Wakati huo kulikuwa na mnasihi, mama mjane mwenye miwani mizito, aliyefika kila wiki kwenye zahanati ya watawa kuzungumza na waliofiwa. Asubuhi moja alipita mlangoni na kuona vidole vya Sista vikitetemeka juu ya ule mwimo.

“Sista,” alimwuliza, “hii ni sala au ni hofu?”

Sista alikasirika siku nzima. Kesho yake alimfuata mnasihi hadi zahanati, akasimama nje ya dirisha. “Ni hofu,” alisema. “Watu wameipaka mafuta matakatifu tu.”

Basi mnasihi alitoa viti viwili akaviweka uani, na matibabu yakaanza. Hayakuwa ya haraka. Sista alitakiwa aisimulie alasiri ile tangu mwanzo, macho wazi, nyayo zikiwa zimekanyaga ardhi: harufu ya mbao, mlio wa bati, vumbi mdomoni, kisha ile sauti iliyomwita. Kila mara alifika kwenye sauti akanyamaza. Mnasihi hakumsukuma wala hakumwambia asilie. Siku alipoweza kusema, “Aliniita, nami sikuitika,” alilia mpaka kivuli cha ukuta kikawafunika wote wawili, na ilionekana kwake kwamba ua mzima ulikuwa ukipumua pamoja naye. Tangu hapo viti vilisogezwa, kwanza barazani, kisha mlangoni. Alijaribu kanisa mapema mno, akafika benchi la tatu, akakimbia na kulala na homa. Tena mzee wa parokia akaja kulalamika kwamba mnasihi anawaibia mtakatifu wao. “Akilala ndani kama sisi,” aliuliza, “sisi tutajivunia nini?”

Ndipo habari ikaja kwamba baba yake yuko mahututi katika nyumba ile ile ya ubavuni mwa karakana, naye anamtaka bintiye. Mnasihi alimsindikiza hadi mlangoni, akamwacha hapo. Sista aliingia roho mkononi. Boriti zilikuwa juu yake, nyeusi, naye alizihisi zikishuka na kupanda kama kifua cha mtu aliyelala. Aliketi kando ya kitanda.

“Mwanangu, huogopi?”

“Naogopa, Baba. Nimekuja na hofu yangu.”

Mzee aliinua macho akazitazama boriti. Kisha akasema kwamba mbao za ukumbi zilikuwa mbichi. Alilijua hilo. Siku ya kutabaruku ukumbi ilikuwa karibu, askofu alikwisha alikwa, naye akapigilia misumari akitumaini zitakaukia juu. “Si Mungu, mwanangu. Ni mimi.”

Hasira ilimpanda Sista, kubwa kuliko hofu yote aliyoijua, na mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Aliuangalia. Halafu akavuta kiti karibu zaidi.

“Nina hasira nawe, Baba,” alisema. “Na siondoki.”

Alikaa naye siku zote zilizobaki. Walilia, waligombana, wakamkumbuka mama kwa jina lake. Mzee alipokata roho, binti yake alikuwa amesinzia pembeni, chini ya paa, kichwa juu ya godoro.

Baadaye alisomea kazi ya mnasihi, akaifanya hadi uzeeni katika chumba kidogo chenye dari ya chini, na waliofiwa wakamjia kutoka mbali. Hofu haikumwisha kabisa. Upepo ukivuma alishika mkono wa aliye karibu. Alifariki kitandani mwake, mvua ikinyesha. Waliokusanya miujiza yake walitaka kuanza na zile nyakati za mkeka uani, lakini alikwisha kataa: ile, alisema, ilikuwa miaka ya ugonjwa, na mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo wewe unayetaka kumfuata, usilale nje. Mtafute mtu anayejua kusikiliza, keti mbele yake, na uanze kusema: siku ile, mimi nilikuwa pale.