Mulango wa Kuanzia Kuandika

Siku ya kwanza niliyoingia klasi kama mwalimu, watoto walivua viatu mulangoni. Si wote. Nusu walivua, nusu waliingia navyo, na mimi nikabaki kusimama katikati na lakre mukononi, ile chaki nyeupe ya kuandikia kwenye tablo, sijui kama niwaambie hawa wavae ao wale wavue.

Nijieleze kwanza, maana hakuna mwingine atakayenisifu vizuri kunishinda mimi. Nimezaliwa upande wa Wamaza, nyumba ya walimaji, watu wa kanisa. Shule niliiacha mwaka wa tano primeri, baba alipokufa. Vijana munaosoma haya na diplome imetundikwa ukutani, musicheke. Nilichimba zahabu Salamabila, nikabeba muchanga kichwani mpaka nywele zikakataa kuota pale katikati. Halafu siku moja nikaazima burushi, nikaandika jina la muwenye duka juu ya mulango wake. Hakuna mutu aliyenifundisha. Herufi zangu zilisimama kama askari kwenye gwaride. Kutoka Salamabila mpaka Kasongo, kama wakati ule uliona pikipiki ina maneno mazuri kwenye tangi, ujue ule ni mukono wangu.

Mwandiko ule ndio ulinipa kazi. Direktere wa shule moja ya Kasongo alinikuta ninaandika jina la shule yake ukutani. Ilikuwa shule ya wazazi, maana yake wazazi wenyewe waliijenga na serikali ilikuwa haijawakubali walimu wake bado. Mwalimu wa mwaka wa kwanza alikuwa amekimbia kwenda kutafuta zahabu, kule kule nilikotoka mimi. Direktere akasimama nyuma yangu, mikono mugongoni.

"Weye unaandika kama mashini," akasema. "Kufundisha unajua?"

"Papa Direktere, mimi kitu gani sijui?"

"Sikukuuliza kama uko na kiburi, hicho ninakiona. Nimeuliza kama unajua kufundisha."

"Ninajua."

Akaangalia ukuta, akaangalia viatu vyangu. "Basi nitakupa klasi. Majuma ya kwanza yakiisha, Enspekteri wa shule anakuja kukagua. Akikuta watoto wanakaa sawa na wanaandika sawa, klasi ni yako. Akikuta fujo, kuna kijana wa diplome anakuja kunisalimia kila asubui. Nitamuweka yeye, na weye utarudilia mashimo yako."

Shimo langu la mwisho lilikuwa limeanguka nyuma ya visigino vyangu. Nilitoka, udongo ukafunga. Sikuwa na hamu ya kurudi.

Kazi ya mwaka wa kwanza, kwa wale wasioijua, inaanza na rasamblema, watoto kupanga mistari mbele ya bendera. Kisha apeli, kuita majina, na kila mumoja ajibu. Kisha grafismu: mbele ya kufika kwenye herufi, mutoto anachora vijiti, viduara, mawimbi, mpaka mukono uzoee. Hayo yote Direktere alinieleza asubui moja tu, anatembea, mimi ninamufuata nyuma. Nilisema nimeelewa.

Viatu ndivyo vilianza kunisumbua. Muchana kengele ikilia, watoto wote walirukia mulango kwa pamoja, na kamambili, zile sandali za mupira, zikachanganyika. Kesho yake mama mumoja alinifikia, ameshika kamambili mbili za miguu tofauti.

"Mwalimu, mutoto wangu alikuja na ya mupya. Amerudia na hii. Angalia! Hii ni ya mutu mwenye muguu kama jembe!"

Mama mwingine akajibu kutoka nyuma: "Jembe ni la nani? Ule ni muguu wa mutoto wangu!"

Nikawaambia wamama hayo ndiyo masomo, watoto wanajifunza kutambua vitu. Wakaniangalia, wakaangaliana, wakaondoka pamoja.

Halafu nikasema neno moja tu: "Someni." Nilikuwa nimeandika herufi ya kwanza kwenye tablo. Nusu ya klasi wakanyamaza, wananingojea mimi. Ile nusu ingine, wale wa kuvua viatu, wakaanza kuyumba mbele na nyuma, kila mumoja anapiga kelele yake, hakuna aliyemungojea mwenzake. Kichwa cha Direktere kikatokea dirishani.

"Mwalimu! Mule ndani iko soko ao klasi?"

"Wanasoma, Papa Direktere."

"Wanasoma nini?"

Nami nilitamani kujua. Nikasema: "Kila mutu cha kwake."

Lakini kilichonivunja kabisa ni kaye, ndiyo daftari. Nilisema wafungue ukurasa wa kwanza. Nusu wakafungua mbele, nusu wakafungua nyuma. Nilisema wachore mustari wa vijiti kama wangu. Nusu wakaanza upande wa mukono wa kushoto. Nusu wakaanza upande wa kuume, na mustari ukaja unatembea kinyumenyume kama mutu anayemuaga mukubwa. Tulipofika kwenye maneno, ilikuwa vile vile. Niligeuza kaye, wakaigeuza tena. Niliwabadilisha mukono, wakaandika vibaya zaidi, bado kutoka kuume. Mutoto mumoja, Mwamini, binti wa muuza samaki, mwenye akili kushinda wote, alikuwa ananitazama kwa huruma, kama mimi ndiye ninayeumwa.

Mungedhani ile nusu ingine itawafundisha wenzao. Ikawa kinyume. Mwamini aliandika upesi na vizuri, basi wakamuiga yeye. Juma la tatu likifika, klasi nzima ilikuwa inaanza kuume. Ndani ya nyumba ile, mutu wa kuanza kushoto nilibaki peke yangu.

Na hapo, vijana, nikaanza kujiogopa. Nikafikiri: mimi shule niliiacha zamani. Pengine kisha mimi kutoka walibadilisha. Pengine kulikuja programu mupya ya masomo na sisi wa Salamabila, tuko ndani ya mashimo, hakuna aliyetuambia. Nikaenda sokoni, nikapita maduka yote ninaangalia majina juu ya milango, linaanzia wapi, linaishia wapi. Yote kushoto. Nikafurahi. Halafu nikakumbuka kwamba mengi kati ya hayo niliandika mimi mwenyewe.

Kuuliza sikuuliza. Nimuulize nani? Direktere, na ule kijana wa diplome anamusalimia kila asubui? Siku ile nilimukuta hata amebebeshwa kiti, anakiweka kivulini pa ofisi kama mutu aliyefika.

Mambo yalikuwa hivyo nilipoamua kumufuata Mwamini muchana, nione anakokwenda. Hakwenda kwao. Alipita njia ya soko, akaingia uwanja wa musikiti, akafika kwenye nyumba ndogo ya matofali. Mulangoni: kamambili, zimejaa. Ndani: kelele, kila mutoto na sauti yake, wanayumba mbele na nyuma. Nikachungulia. Kila mumoja alikuwa na ubao wa muti juu ya magoti, na maandishi ya Kiarabu yanatembea kutoka kuume. Nusu ya klasi yangu yote ilikuwa imekaa pale. Wamesoma chuo, shule ya Korani, miaka mbele ya kunijua mimi. Kwetu kijijini hakukuwa na chuo, na Salamabila mutu anakwenda kuchimba. Nilikuwa sijaona kitu kile maisha yangu yote.

Mwenye kufundisha, Maalimu, muzee mwembamba wa kofia nyeupe, akaniona.

"Karibu. Weye ni nani?"

"Mwalimu wa shule."

Akasimama haraka kushinda umri wake. "Ni weye! Alhamdulilahi, nilikuwa ninakutafuta! Watoto wangu umewafanya nini?"

"Mimi? Weye wangu umewafanya nini?"

"Njoo uone!" Akamunyang'anya mutoto mumoja ubao, akaniwekea mbele ya uso. "Miaka miwili anaandika vizuri. Sasa majuma haya anaanza huku! Kushoto! Nikimuuliza, anasema, mwalimu wa shule ni mukali. Ni weye mukali?"

"Ni mimi."

"Nilifikiri mutu amewaroga."

"Mimi nilifikiri wamebadilisha programu."

Tukaangaliana. Maalimu akaanza kucheka, kofia ikatelemuka, nami nikacheka mpaka nikakaa kwenye zile kamambili. Watoto wote wakaacha kusoma. Hawajaona wakubwa wa namna ile.

Tulikaa, tukatafuta njia. Kwangu walishika ya kwake, kwake wakashika ya kwangu: kuume na kushoto mutoto mudogo anavichanganya. Mukono wake mwenyewe anausahau. Ni mimi niliyeangalia mulango. Muchoraji wa maduka anaangalia mulango kwanza, kwa sababu jina linakaa juu yake. Pale chuoni, mutoto akiangalia ukuta wa kusomea, mulango ulikuwa kuume kwake. Kwenye klasi yangu, akiangalia tablo, mulango ulikuwa kushoto.

"Maalimu," nikasema, "tuwaambie waanze upande wa mulango. Kwako na kwangu. Neno liingie ndani ya nyumba kama mutu anavyoingia."

Akafikiri, anasugua ndevu. "Na viatu?"

"Viatu nitawaacha wavue. Lakini wavifunge pamoja na kamba."

Siku chache zilitosha. Uliposema "mulango," kichwa cha kila mutoto kiligeuka kushoto, kalamu ya kreyo ikafuata. Kelele nayo nikaipatia dawa: kwangu tunasoma pamoja, kwa Maalimu kila mutu cha kwake. Nilitembea ndani ya Kasongo kifua mbele. Kijana wa diplome nilimusalimia mimi wa kwanza.

Asubui ya Enspekteri, Direktere alinikuta ninapanga mistari. "Tumewahamisha," akasema. "Mutaingia klasi ya mwaka wa sita. Kule kuna simenti chini, na Enspekteri atapata kiti cha kuegemea."

Nikaingia mbele ya watoto. Tablo nzuri. Simenti nzuri. Mulango ulikuwa kuume.

Enspekteri alikuwa mutu munene wa sauti ndogo. Akakaa, Direktere akasimama pembeni yake, na kupitia dirisha niliona shati nyeupe ya ule kijana. Enspekteri akanyoosha kidole: "Yule binti. Aje aandike neno *samaki*."

Mwamini akasimama. Akachukua lakre. Akatafuta mulango kwa macho, akauona, akaenda kuume mwisho kabisa wa tablo, akainua mukono. Nilisikia udongo wa Salamabila ukianguka. Mbele ya Enspekteri mwalimu hasemeshi mutoto aliyeitwa.

Mukono ukasimama hewani. Mwamini akageuka.

"Mwalimu, mulango wa shule ao mulango wa chuo?"

Enspekteri akamuangalia Direktere. Direktere akaniangalia mimi.

"Wa shule, mama," nikasema.

Akavuka tablo nzima, akaenda kushoto kwenye ukuta mutupu ambapo hakuna mulango, na kutoka pale akaandika *samaki*, herufi zimesimama kama zangu.

"Ni methode gani hii?" Enspekteri akauliza.

"Methode ya mulango, Bwana Enspekteri."

"Ya programu mupya?"

Nikapangusa vumbi la lakre mukononi. Enspekteri akavua mawani, akayafuta, akayavaa. Akamuinamia Direktere, lakini nilisikia: "Walibadilisha kitu bila kutuambia huku?" Direktere akasema pengine. Wakatoka nje wote wawili wanaongea pole pole, na muchana klasi ikawa yangu.

Kisha pale nilitumwa Nyangwe, ambako klasi ilikuwa ya matete na mulango uko nyuma ya watoto. Nikatoa burushi yangu, nikachora mulango kushoto mwa tablo, wa bulu, na kufuli. Direktere wa Nyangwe, mutu wa maswali, akauliza: "Mulango huu unaenda wapi?" Nikamujibu: "Unaenda mwaka wa pili." Baadaye Wamaza, kwetu, nikachora mwingine. Wapo watu leo Nyangwe na Wamaza wanaojua kuandika sababu walianzia pale, na wakibisha, waniletee kaye zao.

Serikali ilipochukua zile shule, ilitafuta diplome, na mimi nikaweka lakre chini. Sikulia. Leo niko na atelie ya rangi Kasongo, na wenye diplome wanakuja kwangu niwaandikie majina yao. Mimi bado sijaelewa vizuri namna mutoto anajifunza. Nimeona wakijifunza, wengi sana, lakini saa ile yenyewe inapotokea, mimi hunipita.

Mwaka huu Mwamini, ambaye sasa ndiye mwalimu wa mwaka wa kwanza pale pale, aliniita nimuchoree mulango. Nilichora muzuri kushinda yote. Nikatia bawaba, nikatia tundu la ufunguo. Siku ya kwanza nikamupeleka kitindamimba wangu, Bonifasi. Alilia njia yote. Nikamuachia mukono, akaangalia tablo, akaangalia wenzake, halafu akakimbia kutoroka, mbio zake zote, kwenye mulango wa bulu. Paji la uso likagonga ukuta.

Akashika tundu la ufunguo kwa kidole, akasukuma, akavuta, akageuka na machozi.

"Papa, nani alifunga?"

Mwamini akaniangalia, lakre mukononi, anangoja.

"Ni mimi," nikasema. "Rudi ukae, uandike."