Maisha ya Baba wa Taifa Mchana Kweupe

Hivi wewe ukiambiwa usimulie hadithi saa sita mchana, jua linawaka, utathubutu? Kwetu sisi tuliotoka Burundi, anayesimulia hadithi mchana anageuka mjusi. Cheka tu. Mimi nimelelewa hivyo.

Mwaka ule kabla ya uchaguzi, maofisa wa uraia walikuja hapa Rungwe Mpya. Mimi nilivuka mpaka nikiwa msichana, nimezaa hapa, nimezika mume hapa, lakini cheti nilikuwa sina. Basi kijiji kizima kikawa kinasema, ukiulizwa maisha ya Baba wa Taifa ukababaika, unarudishwa. Usingizi ukanikimbia. Nirudi kwa nani? Na mjukuu wangu huyu, mama yake alishafariki, angebaki na nani?

Yeye alikuwa darasa la sita. Jioni tukishakula ugali wetu wa muhogo, ananifundisha maisha hayo pale pale kwenye mafiga. Mimi shule nilionja tu, kwa hiyo nikayashika kama hadithi: hapo kale palikuwa na mtoto wa mtemi, anachunga mbuzi. Jamani, huyo mtoto nilimpenda.

Siku ikafika. Ofisi ya kijiji, mchana. Ofisa mwenyewe kijana mpole wa huko pwani, akaniuliza, "Bibi, Baba wa Taifa unamfahamu?"

Nikatazama nje. Namfahamu kuliko mashemeji zangu, lakini jua lile pale dirishani. Mjukuu wangu kasimama mlangoni, anadhani nimesahau.

Nikafumba macho, ili pawe usiku. Nikapiga makofi kidogo, kama bibi yangu alivyokuwa anaanza, nikashuka na hadithi: mbuzi, shule ya mbali, akasoma mpaka ng'ambo, akarudi akafundisha, halafu akaacha chaki akaenda kudai uhuru. Kufumbua macho, ofisa kashika tama, anasikiliza kama mtoto. Akasema tu nisubiri, nitaitwa.

Nisubiri tena. Njiani nikamwambia mjukuu wangu, sijui nisubiri kuitwa au nisubiri mkia uote. Hakucheka. Akanishika mkono.

"Bibi, wakikurudisha tunavuka wote," akasema. "Na huko hadithi nitasimulia mimi, hata mchana. Kama ni mjusi, tugeuke wote."