Kibanda cha Kubanikia Samaki

Juzi pale Katonga, kando ya ziwa, niliona wanawake wakibanika samaki aina ya migebuka kwenye tanuri jipya lenye bomba refu, moshi ukipanda juu bila kumgusa mtu. Nikamkumbuka dada yangu Zaituni.

Alasiri moja tukiwa wadogo, mama alimwita yeye peke yake kwenye kibanda chetu cha kubanikia samaki. Nilibaki nje nikinusa mafuta ya samaki yanayodondokea kuni, nikiwasikia wakiongea na kukohoa. Wivu ulinishika. Nikaingia bila kuitwa.

“Toka nje,” mama alisema. “Kifua chako kinabana.”

“Na Zaituni je?”

Mama aligeuza samaki. Zaituni alinitazama kwa macho mekundu. Nikadhani ananiringia, na hata wekundu ule niliutamani.

Sasa najua moshi ule hufanya nini kifuani. Zaituni hawezi tena kupanda kilima cha kuja kwangu bila kupumzika njiani. Jana alipofika, nilikuwa napika kwa gesi. Alikaa jikoni mpaka pumzi ikatulia.

“Mama alipokuwa akikufukuza mle kibandani,” alisema, “nilikuwa nakuonea wivu. Nilijua anakupenda wewe.”